Jibu: Kidato cha kwanza hawafungui mdomo darasani

Mwalimu mwenzangu wa Pongwe, umeuliza ufanyeje ili watoto wa kidato cha kwanza waongee badala ya kuinamisha vichwa. Usiwahesabu kuwa wazito. Miaka saba wamesoma kwa Kiswahili, leo wanaulizwa kwa Kiingereza mbele ya darasa zima. Nani asingenyamaza?

Mimi huku Tanga mjini naanza na wanachokijua. Kijana mmoja wa Sahare, pwani ya hapa Tanga, alikuwa akijibu kwa kunong'ona tu. Siku moja nikamwomba atueleze, kwa Kiswahili, pweza anatafutwaje. Akasimama, akasema maji yakipwa utalijua tundu lake kwa maganda ya kaa na kombe yaliyotapakaa mlangoni, huku mkono wake ukionyesha namna chuma kinavyoingia. Wenzake wakammwagia maswali, na yote akayajibu. Wiki iliyofuata alieleza habari ileile kwa Kiingereza, sentensi nne. Zilikuwa na makosa. Sikumkatiza hata mara moja, nilimsahihisha baadaye pembeni.

Halafu jizoeze kusubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde 1 hivi, na wakifika 3 au zaidi majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Ukimya ule unachoma, lakini vumilia. Waongee kwanza wawili wawili, ndipo mmoja asimame.

Na tafadhali sana, mmoja akikosea wakamcheka, simamisha somo hapo hapo.