Binti anataka kuigiza, jamaa anadai hela ya fomu

Dada yangu wa Bagamoyo, umeuliza kama umlipe huyo jamaa elfu hamsini ya "fomu ya usaili" ili binti yako wa miaka 14 aingie kwenye tamthilia ya vijana. Usitoe hata senti. Mwigizaji ndiye hulipwa. Mimi nilishaliwa: mwanangu alipigwa picha tatu mbele ya pazia la bluu, jioni namba ikawa haipatikani.

Na wewe uko mlangoni kwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo! Pale sanaa inafundishwa tangu 1981, enzi za Chuo cha Sanaa. Bado mdogo kusomea stashahada, sawa, lakini mpeleke kwenye maonyesho na lile tamasha la kila mwaka, akae mbele, atazame wenzake wanavyopumua kabla ya kusema.

Nyumbani mrekodi kwa simu, dakika moja tu, dirisha liwe mbele yake, si mgongoni. Jukwaa linataka sauti ipae. Kamera inataka macho. Wangu alikuwa anapayuka kama dalali wa mnada wa samaki. Tulirudia mara kumi na moja, ya mwisho akasema polepole kwa uchovu, nami nikasisimka.

Akiitwa, nenda naye, usibaki getini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mkataba usome wewe, na uulize hela inaingia lini, kwa namba ya nani.