Dada wa Fuoni, usitume hiyo hela mumeo hajajua

Usitume. Kama ushaandika namba ya siri futa, kama bado weka simu chini kwanza usome hapa.

Yaani watu wanakujibu "amina mpendwa, pokea" kama vile hela ni zao. Nimesoma ulichoandika: mtumishi kakupa Yeremia 29:11, ile ya Mungu anayewawazia watu wake mawazo ya amani, kakwambia Mungu kakuahidi nyumba kabla mwaka haujaisha, uifunge hiyo ahadi kwa sadaka, na sadaka itoke kwenye hela ya kiwanja mliyoweka wewe na mumeo, na mumeo asijue maana imani yake ndogo ataivuruga. Chini ukaulizia na watoto wanaoogopa kulala baba yao akiwa zamu ya usiku hotelini Nungwi, na vipi umrudishe mume kanisani. Hayo ntayafikia. Mie nimekwama hapo kwenye "asijue", maana neno hilohilo niliambiwa mimi, nikalitii, na wallahi sitaki hata kukumbuka lakini basi, ntasema.

Sisi tuko Pemba, Weti. Wakristo wa huku tunahesabika, ukikohoa ibadani wa Chake kashasikia. Ukoo wa mume wangu wamo kwenye dini tangu enzi za misheni ya Marafiki, wale Waingereza wa Quaker waliokuja huku 1897, mwaka uleule Sultani alipofuta utumwa kisheria, wakanunua shamba la mikarafuu wakawapa kazi ya mshahara watu waliokuwa watumwa juzi tu. Wazee wake walichuma karafuu pale wakiwa watu huru, kwa hiyo nyumbani kwetu karafuu na sala ni kitu kimoja, na hela ya karafuu kwa mume wangu ni amana, haichezewi. Nayaeleza haya mjue hela yenyewe ilikuwa hela gani.

Msimu ule mikarafuu ilizaa. Aliyewahi kuchuma anajua, mchana uko mtini, usiku mnakaa chini kwenye taa mnachambua, karafuu huku makonyo kule, watoto wanasinzia na vidole vimeingia rangi, asubuhi wanakwenda skuli wananuka karafuu darasa zima, alaf kuanika, majamvi yametandazwa nje na wewe umekaa unaangalia mawingu tu usije ukalowewa. Tukauza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, mume wangu akaja na hela akanikabidhi kama kawaida yake, mie ndo mshika mfuko. Tukakubaliana mabati. Upande wa chumba cha watoto paa lilikuwa makuti na yameoza, masika ijayo yasingevuka.

Ndo akaja yule bwana. Simtaji, na nyie mnaomjua msimtaje hapa. Kashuka kwenye boti na suti nyeupe, jua la Januari, hilo tu lilitosha kunishtua lakini wapi. Semina ya ndoa, eti. Siku ya kufunga semina akaniita mbele akasema anaona nyumba ya rangi nyeupe ina madirisha ya vioo, kabla ya masika mtakuwa mmehama. Nikalia. Nani asingelia, mtu analala na beseni pembeni ya kitanda? Baadae akanivuta pembeni, hapo ndo ikaja habari ya kupanda mbegu, yaani nimpe hela ili ahadi itimie, na kwamba mume nisimwambie. Nikamuuliza kwa nini nisimwambie (akili ilikuwa imebaki kidogo), akanijibu kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka natamani nimfuate hukohuko aliko: "Yokebedi alimficha Musa miezi mitatu. Mwanamke mwenye hekima huificha ahadi mpaka ipate nguvu."

Mie nikaona huyu kasoma.

Sasa fungua Waebrania 11:23. Inasema Musa alipozaliwa alifichwa miezi mitatu na wazazi wake. Wazazi! Amramu, baba yake Musa, alikuwemo humohumo ndani na Yokebedi mkewe, kitoto kinalia usiku, utamfichaje baba mtu? Aliyefichwa asijue ni Farao, mfalme aliyetaka watoto wa kiume wauawe. Kwa hiyo dada, ukiambiwa uifiche ahadi kama Musa, jiulize hapo kwenu Farao ni nani. Mimi nilimfanya Farao mume wangu, mtu ambaye hata akienda diko kununua samaki anapiga simu kwanza kuniuliza nataka changu au tasi.

Na hili la imani yake ndogo ataivuruga nalo ni maneno ya mtu anayetaka hela. Sara aliisikia ahadi akacheka, akaulizwa akakana kwamba hakucheka, na Isaka akazaliwa vilevile, Mungu hakusema basi nimeghairi. Mke wa Manoa, mama yake Samsoni, malaika alipomtokea peke yake alifanya nini? Alikwenda kumwambia mumewe, iko Waamuzi 13, tena huyo Manoa ndo aliyekuwa muoga, anasema hakika tutakufa, na mke ndo anamtuliza kwamba Mungu angetaka kutuua asingeipokea sadaka yetu. Mmoja anatetemeka mmoja katulia, na mtoto akazaliwa. Kwa hiyo kitu chochote unachoambiwa kimetoka kwa Mungu kuhusu nyumba yako, kama sharti lake la kwanza ni mwenzio asijue, hakijatoka kwa Mungu. Mie sina theolojia nyengine zaidi ya hiyo.

(Najua kuna mtu ataniletea Abigaili, aliyempelekea Daudi chakula bila kumwambia mumewe Nabali. Abigaili alikuwa anaokoa watu wasichinjwe usiku ule, na kulipokucha akamwambia mumewe kila kitu. Kama kuna Daudi na watu mia nne wenye panga wanakuja Fuoni sasa hivi, haya, tuma.)

Basi nikatuma. Si zote. Nikabakisha za unga na mchele, imani yangu ilikuwa kubwa ila haikufika kwenye njaa.

Masika ikaingia, nyumba nyeupe hakuna. Mume wangu akaleta fundi kupima paa, fundi yuko juu anataja idadi ya mabati, mume wangu ananigeukia, "lete tumpe ya kuanzia." Nikasema nimemkopesha dada yangu, kapata shida. Nilivyosema ilitoka laini tu, sikugugumia wala nini, na hicho ndo kilichonitisha. Unajua alijibu nini? "Sawa, bora asaidike yeye kwanza, sisi tutasubiri." Mnamuona mtu niliyeambiwa ana imani ndogo? Akamlipa fundi nauli yake, akapanda mwenyewe akafunga turubai.

Jumapili yake baada ya ibada mume wangu kamuona dada yangu nje ya kanisa, akamwendea kumpa pole na kumwambia asijisumbue na deni, atalipa akijaaliwa. Dada akauliza, deni gani shemeji? Watu wamejaa pale. Mie nikainama nikajifanya namfunga mtoto kamba za viatu, na mtoto kavaa ndala.

Nyumbani hakupiga kelele. Nikamweleza yote, semina, nyumba nyeupe, mbegu, Yokebedi, nikamtajia na kiasi. Akanyamaza mpaka nikadhani hataongea kabisa, alaf akasema, "Mbegu ya mpunga unaniuliza tupande ipi. Hii hukuniuliza?"

Hakulirudia tena mpaka leo. Mngefikiri yamekwisha. Sasa sikiliza dada, na hapa ndo nataka usome polepole. Kwetu tunasali pamoja kila usiku kabla ya kulala, na kwenye sala yake kulikuwa na mahali anamshukuru Mungu kwa "mwenzangu anayetutunzia". Ilikuwa kawaida tu, nilishazoea hata siisikii. Toka siku ile akawa haitaji. Anashukuru kwa chakula, anashukuru kwa watoto, anashukuru kwa mvua, hiyohiyo inayotudondokea kwenye beseni, akifika pangu anavuta pumzi anahamia kwa wagonjwa. Masika nzima. Na si kwamba alininunia, chakula anakula, mazungumzo yapo, mtoto akiugua tunakwenda wote hospitali. Ila mie nimepiga magoti nimefumba macho nasikiliza kama leo ntatajwa, sitajwi, naitikia amina. Mabati tulikuja kuyanunua msimu mwengine na tushaezeka, kwa hiyo mlioko Weti mnaonijua msije kunipa pole. Lakini ile ya kukosekana kwenye sala ya mume wako mwenyewe na yuko ubavuni kwako, mpendwa, sikutakii.

Turubai nalo siku ya upepo liling'oka usiku, na waliokuja kutushikia ni vijana wa bi mkubwa jirani yetu, Waislamu, wamekuja na makuti yao na kamba, wakaezeka na mvua inawanyea, hakuna aliyeniuliza hela za karafuu zimekwenda wapi na nina uhakika mtaa mzima ulikuwa unajua. Siku nyingi nilifundishwa kwamba uwepo wa Mungu ni kusisimka mwili na kelele za spika. Sijui, ila usiku ule niliposikia ngazi inaegeshwa ukutani nje nilijua hatujaachwa.

Mtumishi je? Simu inaita tu. Nilipokuja kumpata kwa namba ya mtu mwengine akaniambia nilipanda kwa mashaka ndo maana. Nilipanda kwa mashaka! Mbona yeye alipokea bila mashaka?

Alaf akanirushia meseji nisikate tamaa, Waebrania 13:5, "sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Safari hii nikaifungua mwenyewe. Jamani hiyo aya ina mwanzo. Inaanza, "Msiwe na tabia ya kupenda fedha, mwe radhi na vitu mlivyo navyo", ndo inakuja hiyo ya kutoachwa. Yaani Mungu kaahidi kukaa na mimi kwenye nyumba hiihii ya makuti, na huyu bwana kakata mwanzo wa aya kaitumia iliyobaki kukusanyia hela. Na hiyo Yeremia yako fanya hivyohivyo, usianzie 11, anzia juu. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, wanaambiwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe na waoze watoto wao, kwa sababu itakuwa miaka sabini, hiyo iko aya ya 10. Na aya ya 8 wanaambiwa manabii walio kati yao wasiwadanganye! Iko palepale juu ya aya uliyopewa, mtumishi wako kairuka. Rudi sura ya 28 umuone Hanania, nabii wa uongo, yeye aliwaambia ndani ya miaka miwili mambo yamekwisha. Wewe umepewa mpaka Desemba, Hanania angalau alijipa nafasi.

Kuna wapendwa waliniambia Mungu aliruhusu yale ili anifundishe. Sikubali. Kidole kilichobonyeza simu kilikuwa changu na maneno yalikuwa ya yule bwana, Mungu alishasema kwenye Waebrania mie ndo sikufungua. Wala sisemi usitoe. Sisi tunatoa mpaka leo, zaka inatoka kabla ya kitu chochote, tunakaa mkekani wote wawili, mie nahesabu yeye anaandika kwenye daftari. Tena kuna mwaka yeye ndo aliyesema tuongeze. Mtu akitaka kutoa zaidi ya hapo atoe, ila mwenzio akiwa anaona.

Watoto wasomee Zaburi ya 121, ile ya mlinzi asiyesinzia wala kulala, na uwaachie taa ya ukumbini. Lile la tatu nimesahau lilikuwa nini na chaji inakata.

Mumeo si anatoka zamu asubuhi? Mwache aoge, mpe chai, usimrukie mlangoni. Mwambie yote na kiasi alichotaja mtumishi, usipunguze sifuri. Akicheka mwache acheke. Na mtumishi akipiga kabla ya hapo wewe mwambie tu "nasubiri nizungumze na mume wangu kwanza", alaf usikilize atakujibu nini, uje utuandikie hapa.