Kuandika maoni ya filamu ya zamani bila kusimulia yote

Ndugu, unasema umeitazama 12 Angry Men ya mwaka 1957 mara mbili, lakini kila ukikaa kuandika maoni unajikuta umesimulia hadithi mwanzo hadi mwisho. Pole, ugonjwa huo tumeuugua wengi.

Hadithi ipe sentensi moja: raia 12 wamefungiwa chumbani siku ya joto kuamua kesi ya mauaji, 11 wanasema kijana ana hatia, mmoja ana shaka. Basi.

Sasa irudie, safari hii ukiwa umezima sauti (wa nyumbani watakushangaa, waache). Fuata kamera tu. Mwanzoni mwongozaji Sidney Lumet kaiweka juu kidogo ya usawa wa macho, katikati ikashuka hadi usawa wa macho, na mwishoni iko chini inatazama juu, dari unaliona. Lenzi nazo alizibadilisha polepole, kuta zikawa kama zinawasogelea. Ndiyo maana nawe kwenye kochi ulianza kukosa hewa! Andika hilo, na utaje dakika ulipolihisi. Filamu yote ni dakika 96, kalamu haitachoka.

Ukiweza, tafuta na mchezo wa televisheni wa Reginald Rose uliorushwa moja kwa moja mwaka 1954, ambao ndio uliozaa filamu hii. Linganisha tukio moja tu.

Na kama kuna mahali palikuchosha, sema. Mimi baadhi ya zile kelele za mezani huniona nimeshika rimoti.