Anatema vidonge, nimpondee kwenye uji?

Mdogo wangu wa Tabora, umeuliza kama unaweza kumpondea mteja wako, mgonjwa wa akili unayemhudumia, dawa kwenye uji bila yeye kujua, maana anaficha vidonge chini ya ulimi halafu anaenda kuvitema nyuma ya mwembe. Usifanye hivyo. Siku akikutana na ule uchungu mdomoni, dawa hatakula na uji wako hataugusa tena. Isitoshe, vidonge vinavyotoa dawa polepole havipondwi kabisa.

Muulize kwanza kwa nini anatema. Nikiwa Ujiji nilihudumia mzee mmoja tuliyemwita mbishi. Kumbe haloperidoli, dawa yake ya ugonjwa wa akili, ilikuwa inamkaza shingo, macho yanapinduka juu, naye anaogopa kusema. Nesi alipomweleza daktari, akaandikiwa benzheksoli, dawa ya kutuliza mkazo huo, na mzee akaanza kumeza mwenyewe. Ukiona shingo ya namna hiyo usingoje kesho, ita nesi saa ileile.

Kugawa, gawa mmoja mmoja: jina, karatasi yake ya dawa, glasi ya maji, kisha kaa naye mpige stori kidogo. Saini daftari akishameza, si kabla (hapo ndipo wengi tunadanganyana). Akikosa dozi usimpe mbili kwa mpigo, andika na upige simu. Akizidi kukataa, daktari anaweza kufikiria sindano ya flufenazini, nayo ni dawa ya ugonjwa wa akili, inayokaa wiki kadhaa mwilini.

Na kama anatumia klopromazini, dawa nyingine ya ugonjwa huo, jua la huko mwezi wa tisa litamuunguza ngozi. Mtafutie kofia.