Kwa mnaotaka kwenda Sipi, Kween na Ngenge kwa baiskeli Aprili: saa tatu mmeshachelewa

Mdogo wangu, msiondoke Sipi saa tatu. Nimesoma swali lako mara mbili ili nione kama nimekosea, na sijakosea. Mko wawili, wiki ya pili ya Aprili, baiskeli za greveli, zile za njia za changarawe, zenye tairi za milimita 38. Mnatoka Sipi, kwenye Mlima Elgon huku mashariki mwa Uganda, baada ya chai, mnapita Kapchorwa, mnakwenda Kween kwa njia za juu, mnateremka Ngenge, mnarudi kwa Muyembe. Umeuliza tairi, malazi, maji na kibali cha hifadhi. Mvua hukuuliza. Saa hukuuliza. Umeandika tu kwamba "faili la njia tunalo", yaani ramani ya GPS iliyorekodiwa na mtu aliyepita, na hapo ndipo moyo wangu ulipopiga paa, kwa sababu hata mimi nilikuwa nalo.

Shika hili hata kama utasahau mengine yote: katika miezi ya mvua, saa sita mchana iwakute kwenye lami. Saa sita kamili, wala msijipe nusu saa ya nyongeza.

Mimi ni mtu wa Mbale, huu mlima nauona nikifungua dirisha. Elgon ina ratiba yake msimu wa mvua. Asubuhi kunakuwa kweupe, ukisimama ukingoni Sipi unaona tambarare yote mpaka upande wa Karamoja, unajiambia leo ni siku ya baiskeli. Jua linapasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda, saa tano wingu limeshakalia msitu. Saa saba au saa nane linamwaga. Na ule udongo mwekundu wa volkano, huohuo unaotupa kahawa, ukiwa mkavu ni raha tupu kuuendesha. Ukilowa unakuwa gundi. Sisemi unateleza tu. Unashika, unajaza, unafunga gurudumu.

Aprili 2019 tulikuwa wawili kama nyinyi. Tulikunywa chai bila haraka, tukaenda kupiga picha kwenye poromoko la chini, lile refu la karibu mita mia moja, tukaondoka saa nne kasoro. Faili lilisema kilomita 61, ugumu wa wastani. Saa sita na nusu tulikuwa bado juu, Kween, kwenye kituo kidogo cha maduka. Vijana wa boda walikuwa wameshaingiza pikipiki zao barazani. Mmoja alikuwa amechuchumaa anazungushia gurudumu la nyuma mnyororo, taratibu, kama mtu anayejua anachokingoja. Mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo akatuita: "Wanangu, mvua inakuja. Kaeni kwanza." Nikamjibu, "Asante mama, tunateremka tu, ni karibu." Maneno hayo niliyasema mimi, mwenzangu hakufungua mdomo. Nayakumbuka kila nikipita pale.

Mvua ilitukuta robo ya mteremko. Dakika kumi za kwanza tuliendelea, tope likiruka usoni. Kisha gurudumu la nyuma likaanza kusugua fremu. Nikashuka, nikavunja kijiti, nikakwangua tope kati ya tairi na fremu, nikapanda, nikaenda hatua thelathini, likajaa tena. Nikakwangua tena. Mara ya tano au ya sita nikachoka, nikakanyaga pedali kwa nguvu nikidhani litajisafisha lenyewe. Nikasikia "ka!" Hanga ya gia, kile kipande chembamba cha aluminiamu kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu, ilikuwa imekatika. Gia ikavutwa ndani ya spoku, ikakata tatu na kujikunja kama kijiko. Mnyororo ukabaki unaning'inia.

Lakini baiskeli ni chuma. Mwenzangu alikuwa mbele yangu, hakujua nimesimama. Kwenye kona alishika breki, gurudumu la mbele likaenda lilikotaka, akaangukia bega ndani ya mfereji wa maji. Nilipomfikia alikuwa amekaa, uso umegeuka majivu, mkono mmoja ameushika kwa mwingine. Mtulinga ulikuwa umevunjika, ungeweza kuuona chini ya ngozi. Simu haikushika mtandao. Mtoto mmoja aliyejifunika jani la mgomba alisimama akatutazama, kisha akakimbia kuita watu, na ndiye aliyetuokoa. Walikuja vijana wanne na boda moja yenye mnyororo kwenye gurudumu. Walimshusha mgonjwa hatua kwa hatua, wawili wakiishika pikipiki kwa nyuma isiteleze. Kipande ambacho faili lilikiandikia dakika ishirini kilituchukua saa tatu na nusu, na tukafika chini gizani.

Pikapu ya kuturudisha Mbale, shilingi 250,000. Gia, spoku na ufundi, zaidi ya 700,000, na hanga niliingoja wiki tatu kwa kuwa ya fremu yangu haikupatikana hapa. Hizo ni fedha, zinarudi. Mwenzangu ni seremala. Wiki saba hakushika randa. Mkewe hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilikuwa zito kuliko angenilaumu.

Sasa huyo aliyetupa faili. Simtaji, anajijua. Alikuwa amepita njia ile mara moja tu maishani mwake, mwezi wa Januari, vumbi likitimka, kisha akaandika "inapitika mwaka mzima". Mwaka mzima! Mtu aliyeuona mlima siku moja ya kiangazi! Nilipompigia kumweleza yaliyotupata, alisema tulikuwa na bahati mbaya. Haikuwa bahati. Mvua ya Aprili kunyesha Elgon mchana ni jambo ambalo yule mama wa nguo alilijua bila setilaiti. Ukiweka njia ya milimani mtandaoni bila kutaja mwezi ulioipita, unawatega wenzako. Nimeshasema haya, na nitaendelea kusema.

Na asitokee mtu kuniambia eti ni suala la kujua kuendesha. Kabla ya siku ile nilikuwa nimepanda Sipi kutokea Muyembe mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tope halijali miguu yako ina nguvu kiasi gani. Na mlima huu haumwagi maji peke yake. Humwaga na udongo: Machi 2010 kijiji cha Nametsi kule Bududa kilifukiwa na maporomoko usiku. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli, wilaya hiyohiyo mtakayoikata mkirudi kwa Muyembe. Watu wa huku wakitazama juu na kunyamaza, nanyi simameni.

Kama hamwezi kuahirisha mpaka kiangazi (Desemba hadi Februari njia hiyo ni tamu, nakubali), basi fanyeni hivi. Ondokeni saa kumi na mbili kukipambazuka, chai mtainywa Kapchorwa. Kabla ya kuacha lami, ulizeni kijana wa boda kama jana jioni ilinyesha juu. Msimuulize kama njia ni nzuri, atawaambia ni nzuri kwa sababu ya adabu. Muulizeni kama yeye mwenyewe ameshuka Ngenge leo. Akisema hapana, nanyi hapana. Barabara ya kutoka Kapchorwa kwenda Suam, ambayo zamani ilikuwa tope la kumeza malori, siku hizi ina lami. Fuateni hiyo, mteremke vijia vya pembeni vifupi na kurudi. Hapo mvua ikianza, lami iko karibu.

Tairi: msihangaike na meno yake. Tazama nafasi kati ya tairi na fremu. Kama kidole chako cha shahada hakipiti, tope halitapita. Bebeni hanga ya akiba, kila mtu ya fremu yake, maana ya mwenzako haitakuingia. Na msidhani mkifika chini mmepona, maana kule tambarare udongo mweusi ukilowa unashika vilevile.

Malazi na kibali watakujibu wengine, mimi mwishoni mwa siku ile sikulala popote pa kusimulia. Wewe fungua hilo faili sasa hivi, tazama tarehe liliporekodiwa, uiandike hapa chini. Kisha andika saa mtakayoondoka.