Usimpelekee msimamizi mfumo, mpelekee swali

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sayansi ya kompyuta hunijia na wazo lilelile lililobadilishwa jina: mfumo wa hosteli, mfumo wa maktaba, mfumo wa zahanati. Si kazi mbaya, na wapo walioajiriwa kwa sababu yake. Ila wewe uliyeomba kufanya utafiti wako mwenyewe chini ya msimamizi, mfumo pekee hautoshi. Nikikuuliza tumejua nini ambacho jana hatukukijua, utanionyesha ukurasa wa kuingizia nywila.

Njoo na swali, tena dogo. "Akili bandia katika kilimo" si swali, ni bango la semina. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alianza na "kompyuta na Kiswahili". Tukapunguza, tukapunguza, hadi likabaki hili: modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, iliyofundishwa kutambua majina ya watu na mahali kwa sentensi za habari, ikikutana na Kiswahili cha kwenye simu, usahihi wake unaanguka kiasi gani? Hilo linajibika ndani ya muhula. Data ya kuanzia ipo bure: MasakhaNER, iliyotolewa mwaka 2021 na jumuiya ya watafiti ya Masakhane, ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake 10 za Afrika, na sentensi zake zimetoka kwenye habari. Yeye alibaki na kukusanya sentensi za mtaani, kuziwekea alama kwa mkono na kupima.

Modeli ikaanguka kweli, naye akataka kuanza kuandika hitimisho. Nikamrudisha. Kwenye gazeti jina la mahali kama Mbagala lina herufi kubwa. Kwenye simu mtu anaandika "nko mbagala". Sasa kinachoisumbua modeli ni lugha ya mtaani, au ni kukosa herufi kubwa tu? Akachukua zile sentensi za habari, akazigeuza zote kuwa herufi ndogo, akapima upya. Sehemu ya anguko ikaonekana palepale, kabla hata neno moja la mtaani halijaingia. Ni kazi ya mistari michache ya kodi, lakini ndiyo iliyoibeba tasnifu nzima. Kwangu utafiti unaanzia hapo, mtu anapoanza kulishuku jibu lake mwenyewe.

Hizo sentensi za simu zina wenyewe. Usichote meseji za grupu la WhatsApp kwa kuwa tu wewe ni mwanachama. Omba ruhusa, ondoa namba, na majina halisi yabadilishe kwa majina mengine. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, Tanzania ilitunga yake 2022.

Kuhusu vikao: ukija na "Dokta, naendelea vizuri", umepoteza nusu saa yako na yangu. Tuma ukurasa mmoja usiku wa kuamkia kikao: nilifanya nini, kilitokea nini, nimekwama wapi. Msimamizi akiwa haonekani (wapo, tusidanganyane), endelea kuutuma kila wiki kwa baruapepe ileile. Siku utakapolazimika kwenda kwa mratibu wa miradi, utakuwa na tarehe mkononi.

Usisubiri bumu liingie ndipo ununue kompyuta yenye nguvu. Colab na Kaggle, huduma za kuendeshea kodi mtandaoni, zinatoa GPU (kichakataji chenye nguvu cha kufundishia modeli) bila malipo, ingawa kwa masaa yenye kikomo, na Colab inaweza kukukatia katikati ya kazi. Hifadhi modeli kila baada ya hatua kadhaa, na jaribu kwanza kwa sentensi mia moja kwenye laptopu yako kabla hujamaliza bando.

Kudesa kodi ya GitHub, tovuti watu wanakoweka kodi zao, si dhambi ukitaja ulikoitoa na ukaweza kuieleza. Jopo likikuuliza kwa nini umeipa modeli kasi ile ya kujifunza (learning rate), "niliikuta hivyo" ni jibu la kukurudisha mwakani.

Na sura ya mbinu iandike wakati majaribio yanaendelea. Ukifika mwezi wa sita hutakumbuka ni sentensi zipi ulizitupa, wala kwa nini.