Umeitwa kamati ya nidhamu kwa sababu ya katuni? Ijibu barua

Pole sana, mdogo wangu. Unauliza kama chuo cha umma hapa Dar kinaweza kukufukuza kwa katuni ya kumkejeli mhadhiri uliyoitupia kwenye grupu la darasa.

Uhuru wako wa maoni uko Ibara ya 18 ya Katiba, lakini Ibara ya 30 inauwekea mipaka, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtusi mtu kwa asili au dini yake. Jiulize kwa ukweli: ulikejeli ufundishaji wake au kabila lake? Kama ni kabila, kamwombe radhi leo, hapo sikutetei. Kama ni ufundishaji, simama imara. Marekani, mwaka 1973, Mahakama ya Juu ilimtetea mwanafunzi aliyefukuzwa na chuo cha umma kwa kusambaza gazeti lenye katuni ya kuudhi. Haiwafungi majaji wetu, ila hoja unaweza kuiazima.

Barua ya wito ijibu kwa maandishi kabla muda haujaisha, na uombe nakala ya kanuni unayodaiwa kuvunja. Ibara ya 13(6)(a) inakupa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa. Pita pia Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanatoa msaada wa kisheria. Na katuni usiifute kabla hujahifadhi picha yake pamoja na mazungumzo yote.